Wiki ya kliniki ya vijana, Iringa hadi Makete

Jumatatu, Iringa

Safari hii ya kliniki ya vijana wenye VVU hupangwa Juni kwa sababu moja tu: shule zimefungwa. Kliniki ya vijana ikiwekwa katikati ya muhula huwapata wasiosoma, na mwanafunzi wa bweni huandikwa "hakuja" ilhali yuko darasani mkoa mwingine. Ni wakati wa likizo tu ambapo mwanafunzi, mlezi wake na faili lake hukutana wilaya moja.

Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 Njombe na 11.1 Iringa kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, wakati wastani wa Tanzania ni 4.4. Vijana wanaotokana na takwimu hizo ni wa aina mbili, na kuwahudumia kana kwamba ni wamoja ni kosa la kwanza la programu nyingi. Wapo waliozaliwa na virusi: wamemeza dawa tangu utotoni, wamezichoka, wengi ni wafupi na wepesi kuliko rika lao, na baadhi bado hawajaambiwa wanameza nini. Wapo walioambukizwa ujanani: jibu lao ni la juzi, aibu ni mbichi, na mara nyingi kuna mwenza asiyejua lolote. Huyu wa pili hupotea katika miezi ya mwanzo. Yule wa kwanza hupotea akifika miaka 15 au 16, baada ya miaka mingi ya mahudhurio mazuri, na kituo hushangaa kwa sababu faili lake halikuwa na doa.

Kabla ya kupakia chochote kuna orodha. Hutolewa kwenye kanzidata ya CTC2, yenye kumbukumbu za kliniki za tiba na matunzo ya VVU (CTC), kituo kwa kituo, kwa umri wa miaka 10 hadi 24, na safu tatu ndizo zinazotazamwa: tarehe ya miadi ya mwisho, tarehe ya sampuli ya mwisho ya wingi wa virusi, na uzito wa mwisho. Aliyepitisha siku 28 tangu miadi bila kuchukua dawa anahesabiwa kuwa amekatiza huduma, na jina lake linakwenda kwa mwelimishaji rika siku hiyohiyo, si baada ya timu kufika. Kijana ambaye sampuli yake imevuka miezi 6 anatolewa damu. Aliyekuwa na kilo 27 au 28 anapimwa upya kabla ya jambo lingine lolote, maana kilo 30 ni mlango wa kuhamia dawa ya watu wazima.

Timu ni tabibu, muuguzi mshauri, mteknolojia wa maabara, mfamasia, na waelimishaji rika wawili, binti na mvulana, ambao wenyewe wako kwenye dawa. Dereva naye hutia saini fomu ya kutunza siri. Anayejua nani kashukia wapi ni yeye. Gari halina maandishi mlangoni. Gari lenye neno UKIMWI ubavuni likisimama nje ya nyumba ya mtu, kijiji kizima kimeshasoma.

Kinachosahaulika kwenye upakiaji si dawa. Ni kadi tupu za CTC1 anazopewa mteja, betri za mzani, na fomu za nauli.

Jumanne, Mafinga

Kutoka Ipogolo hadi Mafinga ni kama kilomita 80. Ukishapita Ifunda, malori ya mbao ndiyo yanayoongoza mwendo.

Huku kijana hafuati kliniki, anafuata kazi: msitu wa Sao Hill, viwanda vya mbao, mashamba ya chai ya Mufindi, na wasichana wengi huondoka kwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam. Kliniki inayofunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 8 mchana inamtaka mchuma chai achague kati ya dawa na kipato cha siku. Saa zinazofanya kazi ni kuanzia saa 10 jioni hadi saa 1 usiku, mara mbili kwa mwezi, siku ambazo si za malipo. Siku ya malipo haji mtu.

Dawa yenyewe si tatizo. TLD ni kidonge kimoja kwa siku chenye tenofovir miligramu 300, lamivudine 300 na dolutegravir 50, hakidai chakula, na kijana aliyetulia anaweza kupewa cha miezi 3 au 6. Hapo ndipo wauguzi wengi husita, wakidhani kijana akipewa chupa nyingi atalegea. Mara nyingi huwa kinyume chake. Kumrudisha kila mwezi ni kumtafutia sababu kumi na mbili kwa mwaka za kuomba ruhusa kwa msimamizi asiyepaswa kujua. Aliyefubaza virusi, yaani dawa imevishusha sana kwenye damu yake, apewe dawa nyingi. Anayetakiwa kuonekana mara kwa mara ni yule ambaye virusi vyake viko juu.

Kwa anayehama, kinachohitajika ni namba. Kila mteja ana namba ya CTC ya tarakimu 14: mkoa, wilaya, kituo, kisha yeye. Akiwa nayo, kituo chochote chenye huduma kinaweza kumpa dawa za kumsogeza wakati barua ya uhamisho inafuatiliwa. Kadi yenyewe wengi huiacha nyumbani kwa kuogopa kukaguliwa begi na mama mwenye nyumba. Basi namba iandikwe kwenye jalada la ndani la daftari la kawaida, bila neno lolote pembeni yake. Picha ya kadi kwenye simu ni hatari zaidi, kwa kuwa simu za vijana hupita mikono mingi.

Mafinga ndipo suala la wenza linapozungumzwa kwa urefu. Kipimo cha kujipima kwa majimaji ya fizi kinapendwa: mtu asile wala kunywa kwa nusu saa kabla, apitishe kijiti mara moja juu ya fizi za juu na mara moja za chini, akisimamishe kwenye kichupa, asome baada ya dakika 20 na asipitishe dakika 40. Kikionyesha mistari miwili, hilo si jibu la mwisho; lazima athibitishwe kituoni. Lakini kuna onyo ambalo karatasi ndogo ya maelekezo imelibeba kwa herufi zisizosomeka: aliye kwenye dawa asijipime. Dawa hupunguza kingamwili zinazotafutwa na kipimo, hivyo kinaweza kuonyesha mstari mmoja kwa mtu mwenye VVU. Kijana akiona hivyo hudhani amepona, au kwamba alidanganywa tangu mwanzo, na chupa inaishia chooni. Waelimishaji rika hulisema hili kwa sauti kila wanapogawa vipimo, hata kama aliye mbele yao amesema hana virusi.

Mwenza asiye na VVU hupewa dawa kinga mpaka aliye na virusi afubaze na kudumu hivyo. Virusi visipoonekana kwenye kipimo, na dawa zikiendelea kumezwa, haviambukizwi kwa kujamiiana. Sentensi hiyo vijana huiomba irudiwe. Aliyebakwa, au ambaye kondomu imempasukia akiwa na mtu mwenye virusi visivyofubazwa, ana saa 72 za kuanza dawa za dharura, kisha azimeze siku 28. Tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa kwa takribani asilimia 60, lakini kwa mvulana ambaye tayari ana VVU haimkingi mpenzi wake, na asiachwe akiamini hivyo.

Jumatano, Makambako

Makambako ni njia panda ya barabara ya Songea, na reli ya TAZARA inapita hapo. Kwa maabara ni mji wa bahati: mabasi hayakosekani, na sampuli husafiri.

Sampuli ya damu nzima huchukuliwa kwenye mrija wa EDTA wenye kifuniko cha zambarau. Ujazwe hadi alama, maana damu kidogo ndani ya dawa nyingi ya kuzuia kuganda huharibu kipimo. Mrija hupinduliwa taratibu mara 8 hadi 10, hautikiswi. Plazima, sehemu ya maji ya damu, itenganishwe ndani ya saa 24, kisha ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8 ikisubiri kusafirishwa. Saa hizo ndizo zinazovunjwa kila wiki nchini: damu ya Ijumaa mchana inalala kwenye friji la kituo bila kutenganishwa hadi Jumatatu, maabara inaikataa, kijana anaitwa tena, na safari hii haji. Kituo kisicho na mashine ya kuzungushia damu kisichukue mrija baada ya Alhamisi. Kichukue tone la damu na kulikausha kwenye kadi maalumu.

Sababu nyingine za kukataliwa ni za ovyo: jina limeandikwa badala ya namba ya CTC, fomu haina tarehe ya kuanza dawa, lebo imebandikwa juu ya lebo nyingine. Fomu ijazwe kabla ya sindano, si baada ya foleni kuisha.

Halafu kuna jibu. Jibu lililorudi ni karatasi tu mpaka litue mikononi mwa mtu anayejua la kufanya nalo. Katika vituo vingi huanzia kwa mtunza takwimu, likaingizwa kwenye kompyuta, likakaa humo hadi miadi ya kijana, miezi 3 baadaye. Dawa ya hili ni daftari moja la kawaida kwa muuguzi mshauri, lenye majina ya walio juu ya nakala 1,000 za virusi kwa mililita peke yao, na simu kupigwa ndani ya wiki.

Baada ya simu ni vikao vya ushauri wa kina kuhusu ufuasi wa dawa. Ni vitatu, kimoja kila mwezi, na damu hurudiwa miezi 3 ikishapita ya kumeza vizuri. Vikao hivi ndivyo hupoteza maana haraka kuliko huduma nyingine yoyote, kwa kuwa mshauri aliyechoka huuliza, "Unameza dawa vizuri?" na kijana hujibu, "Ndiyo," na fomu inajazwa. Swali lenye faida linaanza na mkwamo wenyewe: wiki hii siku zipi zilikuwa ngumu? Jumamosi ulilala wapi? Chupa inakaa wapi, na nani mwingine hufungua kabati hilo? Kuhesabu vidonge kunasaidia lakini si ushahidi, maana kijana anayeogopa kugombezwa humwaga ziada njiani kabla ya kufika getini. Ukikuta hesabu imenyooka kabisa na virusi viko juu, usimwite mwongo. Mwulize ni wapi alipata shida ya kumeza, kisha unyamaze mpaka ajibu.

Haraka ya kubadilisha dawa nayo ina madhara. Usugu dhidi ya dolutegravir upo lakini si wa kawaida, na virusi vikiwa juu kwa anayetumia TLD, sababu ya kwanza kutafutwa ni vidonge visivyomezwa au vilivyomezwa pamoja na kitu kinachovizuia. Kikao cha tatu kikipita, ufuasi ukawa wa kweli na virusi bado viko juu ya 1,000, hapo ndipo kipimo cha usugu kinapoombwa.

Vitu vinavyozuia vinajulikana. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu: TLD imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu vina sharti hilohilo, ila vinaweza kumezwa pamoja na TLD wakati wa chakula. Wasichana hugawiwa vidonge vya chuma shuleni, na anayevigawa hajui kuna dawa nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu huondoa dolutegravir mwilini upesi, hivyo huongezwa kidonge cha dolutegravir 50 saa 12 baada ya TLD, na kuendelea kwa wiki 2 baada ya tiba ya TB kwisha.

Alhamisi, Njombe

Kilomita 60 hivi za kupanda. Shule zimefungwa lakini matroni na walezi wa bweni wapo, na mazungumzo nao hufanyika bila kutaja mwanafunzi yeyote. Mada ni bweni lenyewe.

Mwanafunzi wa bweni mwenye VVU ana mambo manne ya kuficha kila siku: chupa, mlio wa chupa, saa ya kumeza, na siku ya kliniki. Mlio wanaumaliza kwa pamba. Saa wengi huichagua alfajiri wakati wa kwenda kuoga, jambo zuri, kwa sababu wachache ambao dolutegravir huwanyima usingizi hupona wanapohamia asubuhi. Kosa liko kwenye chupa. Akiogopa maandishi yake, humwaga vidonge vyote kwenye bahasha ya karatasi au kopo la mafuta lililooshwa, na unyevu wa bweni huviharibu. Chupa ya asili ina kifuko cha kufyonza unyevu, nayo ibaki na mtu mmoja anayeaminika. Mwanafunzi abebe kikopo kidogo kikavu chenye vidonge 7 hadi 10, akijaze upya kila Jumapili.

Mtu huyo ni nani? Mwanafunzi ndiye anayechagua, akiwa amekaa na mlezi wake na mshauri, na anachagua mmoja tu: matroni, mwalimu wa afya, mara nyingine mpishi. Mkuu wa shule si lazima ajue. Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya majibu na inakataza upimaji wa lazima nje ya mazingira machache yaliyotajwa humo, kwa hiyo fomu ya kujiunga na shule isigeuzwe kuwa mlango wa nyuma wa kumpima mtoto. Tangu marekebisho ya 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kuridhia mwenyewe kupimwa, kabla ya hapo ilikuwa 18, na kujipima kumeruhusiwa kisheria.

Matroni hufundishwa mambo machache. Mwanafunzi akisahau kumeza asubuhi, ameze anapokumbuka, isipokuwa kama zimebaki chini ya saa 4 kufikia dozi inayofuata. Asimeze viwili kufidia. Asikohoe wiki mbili bila kuchunguzwa. Dalili za kuuliza kila mwezi ni nne: kikohozi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito. Na ruhusa ya kwenda kliniki isiandikwe sababu kwenye daftari la geti. "Hospitali" yatosha, au bora zaidi, ruhusa isihitajike kabisa. Dawa za miezi 3 zinazotolewa wiki ya kufungua na nyingine kwenye mapumziko ya katikati ya muhula humvusha mwanafunzi muhula mzima bila kutoka getini. Kinachotakiwa ni mfamasia wa kituo kupata kalenda ya shule mwezi Januari na kuipanga miadi juu yake. Kazi ya nusu saa, na vituo vingi havijawahi kuifanya.

Mchana timu ilibaki kwenye dawa kinga ya kifua kikuu. 3HP hupunguza mzigo: dozi 12, moja kwa wiki, badala ya isoniazidi ya kila siku kwa miezi 6. Lakini rifapentini iliyomo hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti. Binti anayevitumia aambiwe kabla, apewe kondomu au njia nyingine kwa muda wote huo na mwezi mmoja mbele. Mara nyingi anayeandika 3HP hajui habari ya kijiti, na aliyeweka kijiti yuko chumba cha jirani.

Ijumaa, Makete

Barabara inapanda kupitia Kipengere, kilomita kama 110 hadi Iwawa, mji wa Makete, na ukungu huondoka saa 4 asubuhi. Baridi hiyo ndiyo inayowashinda wanaokausha kadi za damu. Tone hujaza duara lote, maduara matano kwa kadi, kisha kadi hulazwa bila kugusana kwa angalau saa 4. Makete mwezi Juni, saa 4 hazitoshi; iachwe usiku kucha. Isiwekwe juani wala karibu na jiko la mkaa. Kadi iliyokauka ina rangi ya kahawia iliyokolea kote. Ikiwa bado nyekundu katikati, haijawa tayari. Ikishakauka ndipo inapoingizwa kwenye mfuko wa zipu na vifuko vya kufyonza unyevu.

Ugonjwa uliipiga Makete mapema na vibaya, na watoto wengi walilelewa na bibi na babu. Asubuhi benchi hujaa kanga na mablanketi. Kazi kubwa hapa ni mtoto kuambiwa ukweli.

"Shikamoo bibi."
"Marahaba mwanangu."
"Mjukuu akikuuliza dawa hizi ni za nini, unamjibuje?"
"Namwambia za kifua."

Jibu hilo husikika karibu kila kliniki, nalo limewafikisha watoto wengi salama hadi miaka 12. Linavunjika mtoto anapogundua kwamba kifua hakimsumbui. Anaacha dawa kwa akili zake timamu: ugonjwa aliotajiwa ameupona. Wengine wameshajua kwa kusoma jina la dawa kwenye simu ya rafiki, wakanyamaza ili bibi asiumie. Mtoto aliyekuwa anauliza maswali kisha akaacha ghafla, mchukulie kuwa anajua.

Mwenendo unaofaa huanza mapema. Mtoto wa miaka 5 au 6 anaambiwa kuna mdudu kwenye damu, na dawa ya kila siku inamlaza asimsumbue. Neno VVU bado. Akifika miaka 8 au 9 anaelezwa kwamba mdudu huyo hapati nafasi akikuta askari wa mwili wapo macho, na kwamba dawa haikatizwi hata akijisikia mzima. Kati ya miaka 10 na 12 jina linatajwa. Mlezi huandaliwa peke yake kwanza, katika hudhurio tofauti, kwani hofu zake ni mbili na zote zina msingi: mtoto atatangaza, na mtoto atauliza aliambukizwa na nani. La kwanza hujibiwa kwa kumpa mtoto orodha fupi ya anaoweza kuzungumza nao, badala ya kumwambia "usimwambie mtu" tu. La pili hujibiwa bila kumhukumu marehemu: mama yako hakujua, au alijua na dawa za kumkinga hazikuwa karibu. Bibi ndiye anayesema, mshauri yupo pembeni. Baada ya wiki 2 wanarudi, maana maswali ya kweli huja usiku wa tatu au wa nne.

Halafu mzani. Dolutegravir ya watoto ni kidonge cha miligramu 10 kinachoyeyushwa: viwili kwa mtoto wa kilo 10 hadi 13.9, viwili na nusu kwa kilo 14 hadi 19.9. Akifika kilo 20 anahamia kidonge kimoja cha 50, akiendelea na abacavir na lamivudine. Za kuyeyusha za 120/60 ni vidonge vitatu, na kuanzia kilo 25 ni kimoja cha 600/300. Kilo 30 ndizo zinazomfikisha TLD, kidonge kimoja cha kila kitu. Kosa la hatari ni kuhesabu vidonge vitano vya 10 kuwa sawa na kimoja cha 50. Si sawa, cha kuyeyuka huingia mwilini zaidi, na vitatu ndivyo hulingana na kimoja. Maji ya kuyeyushia yawe safi, vijiko viwili hivi, anywe ndani ya dakika 30, kikombe kisuuzwe na masuuzo yanywewe.

Katika kliniki moja ya wilayani, mizani ilikuwa imezidisha kwa karibu kilo mbili. Ilibainika kwa kupima jiwe la kilo 5 kutoka dukani. Kilo mbili zinatosha kumvusha mtoto dozi kabla ya wakati wake, na zinatosha kuficha kwamba amekonda.

Jumamosi, Njombe tena

Kutoka Iwawa saa 12 asubuhi ili klabu ianze saa 4. Klabu ya vijana ni ya Jumamosi, mara moja kwa mwezi, kwa muda wa saa 3 na si zaidi, katika ukumbi usio wa kliniki. Salamu ya Kamwene huzunguka, chai ya moto na mkate hutangulia. Waliotembea tangu alfajiri hawasikilizi somo wakiwa na njaa.

Makundi hutenganishwa mlangoni: miaka 10–14, 15–19, 20–24. Kundi la wadogo lina sharti la pekee: asiyejua hali yake haingii klabu. Mmoja akiingia kimakosa, atajua kwa kinywa cha mwenzake, na kazi ya miezi ya Makete imekwisha kwa dakika moja. Kwa hiyo daftari la klabu lina safu ya tarehe aliyofahamishwa, na mwelimishaji rika huikagua kabla ya kumpa mtu kiti.

Ratiba ni nyepesi. Mchezo, mada moja, sanduku la maswali, kisha kila mmoja kwa zamu anapita kwenye meza ya uzito, ya mshauri na ya dawa, ili safari ya klabu iwe ndiyo safari ya dawa. Klabu isiyotoa dawa humlazimisha kijana kulipa nauli mara mbili kwa mwezi, na akilazimika kuchagua moja, huchagua klabu kwa sababu ya marafiki.

Maswali ya sandukuni hayabadiliki sana. Naweza kuzaa? Ndiyo, na mtoto asiye na VVU, virusi vikiwa vimefubazwa na mama akianza kliniki ya wajawazito mapema. Nimwambie lini mpenzi wangu? Hapa washauri wenyewe hawakubaliani. Kinachokubalika ni kwamba asiambiwe kitandani wala kwa meseji, na kwamba mwenye hofu ya kupigwa asisukumwe. Ulanzi, pombe ya mianzi, je? Ulanzi hauui dawa. Kinachoua ni ushauri wa "usimeze dawa ukiwa umelewa", ambao vijana huutii kwa kuacha dawa wikiendi nzima. Meza, hata kama umekunywa. Kisha tuzungumzie kunywa.

Wasichana hukaguliwa chanjo ya HPV. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima 2018 kwa wa miaka 14, na 2024 ikahamia dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Kwa mwenye VVU dozi moja haitoshi: Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau mbili, na ikiwezekana tatu. Binti aliyechanjwa shuleni pamoja na wenzake huhesabiwa amemaliza, na hakuna anayemrudia.

Afya ya akili huulizwa faraghani kwa maswali mawili kwanza: katika wiki 2 zilizopita, je, umekosa hamu ya mambo unayoyapenda? Umejisikia huna furaha wala matumaini? Likijibiwa "mara nyingi", yanafuata mengine. Anayetaja kujidhuru haachwi peke yake, na rufaa ni siku hiyohiyo.

Mhimili wa yote ni mwelimishaji rika. Mfano unaonakiliwa zaidi ni Zvandiri ya Zimbabwe, iliyoanza 2004, ambako vijana wenye VVU hufunzwa na kukabidhiwa wenzao wa kuwafuatilia nyumbani na kwa simu. Jaribio lililofanywa huko lilionyesha kwamba waliofuatiliwa hivyo walikuwa na virusi vilivyofubazwa zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kunakili nusu ndiko kunakoharibu. Mwelimishaji akabidhiwe vijana wachache, awe na muuguzi anayemsikiliza kila wiki, alipwe, na kipimo chake mwenyewe kisisahaulike, kwani wapo wanaofundisha ufuasi huku virusi vyao vimepanda. Misaada ya Marekani iliposimamishwa Januari 2025, posho za waelimishaji ndizo zilizokatika mwanzo katika programu nyingi, kabla hata ya dawa kuyumba. Halmashauri inayotaka kubaki nao iwaingize kwenye bajeti yake, mstari wenye jina lao, sio chini ya "shughuli nyinginezo".

Jumapili, kurudi Iringa

Mirija iliyotenganishwa Njombe na kadi za Makete zinakabidhiwa maabara kwa daftari la kusainiana, namba kwa namba. Taarifa za kila kituo zinaingizwa kwenye kanzidata kabla gari halijaoshwa, maana zikibaki kwenye karatasi hadi Jumatano, kijana aliyechukua dawa Mafinga ataonekana amepotea na atapigiwa simu bure, pengine mbele ya watu.

Orodha mpya inabaki na majina ya aina tatu: wasio na simu, waliohama bila barua, na wanaovuka kilo 30 karibuni. Wa kwanza wanakwenda kwa Konga ya wilaya, mtandao wa watu wanaoishi na VVU, inayowajua kwa nyumba. Wa pili wanatafutwa kwa namba zao za CTC kwenye mikoa wanakodhaniwa kwenda, Dar es Salaam ikiwa ya kwanza. Wa tatu wamewekewa miadi mapumziko ya Septemba, na mfamasia ameshaandika idadi ya chupa za TLD za kuwaombea Bohari ya Dawa.